Mtaalamu wa kompyuta asiyesikiliza ni hasara kwa mkulima

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hukaa na zao lake karibu mwaka mzima. Huanza na kitalu, akahamishia miche shambani, akapalilia, akachuma, akakausha kwenye bani, akachambua majani na kufunga mtumba. Siku ya soko, kazi yote hiyo hugeuka tarakimu chache: uzito, daraja na bei.

Zamani tarakimu hizo ziliandikwa kwa kalamu kwenye daftari la chama cha msingi. Siku hizi katika maeneo mengi zinaingizwa kwenye kompyuta au simu, na mkulima hupata taarifa zake kwa ujumbe mfupi au karatasi iliyochapwa.

Mabadiliko hayo ni mazuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari la kompyuta lina tofauti moja kubwa na lile la karatasi. La karatasi huandikwa na karani ambaye mkulima anamfahamu, anajua kwake na anaweza kumuuliza. La kompyuta limetengenezwa na mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga ghala la tumbaku.

Mtu huyo ni mtaalamu wa programu za kompyuta. Anajua lugha za mashine. Swali la msingi kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni je, anajua pia kuzungumza na watu?

Makala haya yanaeleza stadi ambazo mtaalamu wa programu anapaswa kuwa nazo mbali na ufundi wake: kusikiliza, kuuliza, kueleza, kukubali kosa, kufanya kazi na wenzake na kutunza siri. Wataalamu wa mafunzo huziita stadi laini, ingawa kuzipata si kazi laini. Anayelipia zikikosekana ni mteja.

Programu zimefika kijijini

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba mkulima wa Tabora anatumia programu za kompyuta karibu kila siku, hata kama hana kompyuta nyumbani.

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, zikafuata nyingine za kampuni mbalimbali za simu. Leo muuza duka wa Nzega, mwenye mashine ya kukoboa mpunga wa Igunga na mama lishe wa stendi ya Tabora mjini wote wanapokea malipo kwa simu.

Mwaka 2022 Serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya mbolea, mkulima alitakiwa kwanza asajiliwe kwenye mfumo wa kompyuta, apate namba yake, kisha namba hiyo itumike kwa wakala kununulia mbolea. Nao ushirika, ambao husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, una Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU.

Mbali na mifumo hiyo mikubwa, kuna ile midogo ambayo vyama, maduka ya pembejeo, vikundi vya kuweka na kukopa na wanunuzi wa asali huagiza wenyewe kutoka kwa vijana waliosoma kompyuta. Hapo ndipo chama au mfanyabiashara anapokaa meza moja na mtaalamu, akatoa fedha, na akapata faida au hasara kulingana na namna walivyoelewana.

Funzo la njia ya misafara

Watu wa Tabora wana historia inayofaa kukumbukwa katika jambo hili. Katika karne ya 19 mji huu, ambao Richard Burton alipofika Novemba 1857 aliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara. Barabara moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini kwenye Ziwa Victoria.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa miguu kwa miezi. Aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Nguvu za mabega peke yake hazikumtosha kirangozi. Alipaswa kujua maji yako wapi, kuelewana na wenyeji wa kila himaya waliyopita na kukubalika kwa wapagazi wenzake. Msafara wenye kirangozi wasiyemwamini ulivunjika njiani, watu wakatua mizigo na kutoweka.

Yupo pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India miaka mingi kabla ya kurudi pwani ya Afrika Mashariki. Burton na mwenzake John Speke walipopita hapa, Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliipata India, naye Bombay akazungumza na wengine kwa Kiswahili. Bila mtu huyo wa katikati, Mwingereza mwenye vipimo na ramani zake angekuwa bubu.

Mtaalamu mzuri wa programu hufanya kazi mbili hizo. Ni kirangozi, kwa sababu mteja anamfuata mahali asipopajua. Ni mkalimani pia, kwa sababu anatafsiri mahitaji ya watu kwenda kwenye lugha ya mashine, na majibu ya mashine kurudi kwa watu. Akikosea tafsiri, mashine haitajua. Itatekeleza kosa hilo hilo kila siku bila kuchoka.

Kusikiliza kuliko kusema

Stadi ya kwanza ni kusikiliza, na mfano wake bora uko hapa hapa Afrika Mashariki.

Kampuni ya Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza kujaribu M-Pesa Oktoba 2005. Lengo lake la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kulipa marejesho ya mikopo yao kwa simu. Majaribio yalihusisha wateja wasiofika 500, katika maeneo ya Nairobi na Thika.

Wateja wale walipoishika simu walifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wapo waliotumiana fedha wao kwa wao. Wapo waliokuwa na safari, wakaweka fedha kwa wakala wa hapa na kuzitoa kwa wakala wa kule ili wasitembee nazo mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia ndugu walioko mashambani. Baadhi ya wenye biashara waliihifadhi humo fedha ya mauzo usiku kucha kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafungwa.

Mtaalamu mkaidi angesema wateja wanaitumia vibaya programu yake. Waliokuwa wakisimamia mradi ule waliangalia, wakasikiliza, wakabadili mwelekeo. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, M-Pesa iliuzwa kwa wananchi kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Yaliyofuata kila mtu anayajua.

Huduma hiyo ilipovuka mpaka kuja Tanzania mwaka uliofuata, haikukua kwa kasi ile ile katika miaka ya mwanzo. Nchi ni kubwa, vijiji viko mbalimbali na mawakala walihitaji muda kuenea. Kilichofanikiwa kwa jirani kinahitaji kusikilizwa upya kinapofika kwako.

Kwa hiyo, mtaalamu anayekuja kwenye chama chenu akafungua kompyuta na kuanza kuonyesha programu aliyokwisha kuitengeneza, kabla hajauliza neno lolote, mtilieni shaka. Anayefaa atataka kwanza akae ghalani siku ya soko, atazame karani anavyoandika, aone foleni inakwama wapi, amsikilize mteuzi wa tumbaku na mkulima anayelalamikia makato yake.

Kuuliza hata lililo dogo

Stadi ya pili ni kuuliza. Wengi wenye elimu huona aibu kuuliza jambo ambalo kila mtu kijijini analijua. Aibu hiyo ina gharama.

Chukulia neno gunia. Tuseme mfanyabiashara wa mahindi ameagiza programu ya kuhesabu mzigo wake, na mtaalamu akaandika kwamba gunia moja ni kilo 100. Kama magunia 40 yaliyopokelewa siku hiyo yalifungwa kwa kilo 90, kompyuta itaonyesha kilo 4,000 wakati ghalani zipo kilo 3,600. Kilo 400 zimepotea kwenye karatasi na mlinzi wa ghala ataitwa mwizi. Bado hatujagusa debe, wala lumbesa ambayo sheria ya vipimo inaipiga marufuku lakini ingali inaonekana sokoni.

Msidhani makosa ya namna hii ni ya watu wasiosoma. Septemba 1999 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake kilichokuwa kikikaribia sayari ya Mars. Programu iliyoandikwa na kampuni moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, wakati wataalamu wa NASA walizipokea wakidhani ni vipimo vya metriki. Uchunguzi ulibaini pia kuwa baadhi ya wataalamu waliona mambo hayaendi sawa, lakini wasiwasi wao haukufikishwa na kushughulikiwa kwa utaratibu unaotakiwa. Chombo cha mamilioni ya dola kilipotea kwa kukosa swali moja: hizi ni kipimo gani?

Kwa mkulima wa tumbaku swali kama hilo lipo kwenye fedha. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola ya Marekani, naye mkulima anahitaji shilingi. Tuseme mkulima ameuza tumbaku ya dola 2,000. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola, atapata Sh5,000,000. Kwa kiwango cha Sh2,450 atapata Sh4,900,000. Tofauti ni Sh100,000 kwa mtu mmoja, na kwa chama chenye wanachama 300 waliouza kiasi hicho hicho ni Sh30 milioni.

Je, programu itumie kiwango cha siku ya kuuza au siku ya kulipwa? Jibu haliko ndani ya kompyuta. Liko kwenye mkataba na kwa viongozi wa chama. Mtaalamu asiyeuliza atachagua mwenyewe, tena bila kumwambia mtu, na chama kitagombana msimu mzima.

Kueleza kwa lugha ya mteja

Stadi ya tatu ni kueleza. Mtaalamu anayejua kazi yake anaweza kumweleza mjumbe wa bodi ya chama, aliyeishia darasa la saba, namna mfumo unavyofanya kazi, na mjumbe huyo akaweza kuwaeleza wanachama kwenye mkutano mkuu.

Kuna wanaotumia maneno magumu ya Kiingereza ili kuonekana wasomi. Mteja anatikisa kichwa kwa heshima, anasaini, kisha anajuta. Mzee wa miaka 65 hawezi kumwambia kijana wa chuo mbele za watu kwamba hajaelewa. Ni wajibu wa kijana kuligundua hilo na kurudia kwa upole: "Mzee wangu, nikueleze kwa mfano wa daftari lako la zamani?"

Adabu nayo ni sehemu ya kazi. Kijana anayeingia ofisi ya chama bila kusalimia wazee, akiwa na simu sikioni, ameshapoteza nusu ya taarifa alizozifuata. Watu humpa maelezo ya juu juu yule asiyewaheshimu. Yale ya ndani, kama vile mkulima anayeuza kwa jina la mwenzake ili akwepe deni la pembejeo, huambiwa yule tu aliyekaa na kunywa nao chai.

Kueleza ni pamoja na kusema hapana. Mteja akitaka kazi ya miezi minne imalizike kwa wiki tatu kwa sababu soko linafunguliwa, mtaalamu mkweli atamwambia haiwezekani, na atataja kipi kinaweza kuwa tayari na kipi kisubiri. Anayekubali kila kitu anatafuta malipo ya awali.

Kukubali kosa

Stadi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Ni kukubali kwamba programu yangu imekosea.

Uingereza imetoa fundisho chungu. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo liliweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi madogo huendeshwa na wenye maduka, wafanyabiashara wadogo kama wa kwetu, ambao huuza bidhaa upande mmoja na kutoa huduma za posta upande mwingine.

Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mwenye duka alipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba uliwataka wafidie upungufu. Wapo waliouza nyumba, wapo waliofilisika na wapo waliofungwa jela. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu.

Kundi la wahanga likiongozwa na Alan Bates lilikwenda mahakamani, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kusababisha upungufu huo. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hatia za mamia ya watu hao kwa mkupuo. Baadhi walikuwa wameshafariki dunia.

Kasoro katika programu ni jambo la kawaida. Hakuna programu isiyo nazo. Kilichoangamiza familia zile ni watu waliojua au waliopaswa kujua, lakini wakaendelea kusema mashine haikosei.

Hapa kwetu karani wa chama, wakala wa fedha za simu au muuza duka la pembejeo anaweza kukumbwa na jambo hilo hilo. Mtaalamu anayesema "mfumo hauwezi kukosea, angalieni watu wenu" ni hatari kwa chama. Anayesema "nipeni siku mbili nikague, na msimkate mtu mshahara kwanza" ndiye wa kumshika.

Kazi ya pamoja na siri za watu

Stadi ya tano ni kufanya kazi na wenzake na kukabidhi. Wapagazi wa Kinyamwezi waligawanyika katika makundi yaliyopika na kulala pamoja. Kazi ya programu inahitaji utaratibu huo huo.

Mtaalamu anayefanya kila kitu peke yake, haandiki maelezo, na ndiye pekee mwenye maneno ya siri ya kufungulia mfumo, anakifanya chama kuwa mateka wake. Akipata ajira Dodoma au akiugua, kumbukumbu za wanachama zimefungiwa. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Utah, Marekani, na kutoa tamko kuhusu namna bora ya kufanya kazi yao. Jambo la kwanza walilolitanguliza lilikuwa watu na mawasiliano kati yao, kabla ya taratibu na zana.

Stadi ya sita ni kutunza siri. Mfumo wa chama una majina, namba za simu, ukubwa wa mashamba na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Mtaalamu anayesimulia kwenye kijiwe madeni ya chama alichokihudumia mwezi uliopita, ataanika na ya kwenu mwezi ujao.

Mpimeni kabla ya kumlipa

Chama, kikundi au mfanyabiashara anaweza kumpima mtaalamu bila kujua lolote kuhusu kompyuta. Yafuatayo ni mambo ya kufanya.

Kwanza, mwelezeni kazi yenu kwa nusu saa, kisha mwambieni airudie kwa maneno yake. Akiirudia sawasawa, amesikiliza. Akichanganya, rudieni mara moja tu. Akichanganya tena, mtafuteni mwingine.

Pili, hesabuni maswali yake. Anayekuja kwenye chama cha tumbaku bila kuuliza kuhusu madaraja, makato ya pembejeo na kiwango cha dola, hajui anachokwenda kutengeneza.

Tatu, mtakeni awaeleze karani, mkulima mmoja mzee na mjumbe mmoja mwanamke kwa pamoja. Kisha waulizeni hao watatu wameelewa nini.

Nne, muulizeni kazi gani aliyowahi kufanya iliharibika na aliirekebishaje. Anayejibu kwamba hajawahi kukosea ameshajibu swali.

Tano, wapigieni wateja wake wa zamani. Msiishie kuuliza kama programu inafanya kazi. Ulizeni kama anapokea simu mfumo unapokwama siku ya soko.

Sita, andikianeni mkataba. Utaje kazi itakayofanyika kwa hatua, malipo kwa kila hatua, nani anamiliki kumbukumbu, nani mwingine atakuwa na maneno ya siri, na atawafundisha watumiaji kwa siku ngapi. Msilipe fedha yote mwanzoni. Viongozi wa ushirika wawasiliane na ofisa ushirika wa wilaya kabla ya kusaini, ili mfumo mpya usigongane na ule wa Tume.

Saba, msilitupe daftari. Kwa msimu mzima wa kwanza, tarakimu ziandikwe pande zote mbili, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, na kila jioni zilinganishwe. Tofauti ikionekana, iandikwe na mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo.

Mteja naye ana wajibu. Chama kinachobadili maelezo kila wiki, kinachomficha mtaalamu matatizo yake, au kinachomtuma mtu mmoja asiyeijua kazi kuwawakilisha wote, kisitarajie programu nzuri. Mpagazi hawezi kufunga vizuri mzigo ambao mwenyewe anaubadilisha kila kituo.

Kwa wazazi na vijana

Wakulima wengi wa mkoa huu wanalipa ada za watoto wanaosoma kompyuta, iwe VETA, kwenye vyuo vya hapa Tabora au vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam. Wengine wameuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Ni vizuri wajue kwamba cheti pekee hakitamlisha kijana.

Stadi za watu hazifundishwi kwa mtihani. Kijana huzipata kwa kusimama dukani akihudumia wateja, kwa kuwa katibu wa kikundi cha vijana au kwaya, kwa kuandika mihtasari ya mikutano, na kwa kumsaidia bibi yake kutuma fedha kwa simu bila kumnyang'anya simu mkononi. Huyo anayejifunza kumngoja bibi apate mwenyewe kitufe, anajifunza namna ya kutengeneza kitufe ambacho bibi atakiona.

Kijana aliyekulia kijijini ana mtaji ambao mwenzake wa mjini hana. Anajua mtumba unavyofungwa, anajua asali inavyorinwa na kwa nini mrinaji aliye kambini msituni hawezi kupata mtandao kwa siku kadhaa. Akiongeza ufundi wa kompyuta juu ya ujuzi huo, na akaacha kuuonea haya, atatengeneza mfumo unaohifadhi kumbukumbu bila mtandao na kuzituma mrinaji anaporudi barabarani. Mtaalamu asiyejua maisha hayo atatengeneza mfumo unaofia msituni.

Wazazi wanaweza kuwasaidia kwa kuwapa kazi. Kijana wa mwaka wa pili chuoni akirudi likizo, chama kimpe nafasi akae na karani siku za soko, hata kwa posho ndogo. Atakosea, atasahihishwa na ataelewa zaidi kuliko angejifunza darasani. Chama nacho kitakuwa kimejitengenezea mtaalamu anayeijua kazi yake na anayefahamika kwa wanachama.

Msimu wa soko unapofunguliwa, mkulima hataulizia programu iliandikwa kwa lugha gani. Atataka kujua kama kilo zake zimeandikwa zote, makato ni halali na fedha imefika. Viongozi wanaoingia mkataba na mtaalamu kwa niaba yake wahakikishe wamempata mtu anayeweza kusimama mbele ya mkulima huyo, akaulizwa swali, akalijibu.